Vijana wa Nyumba ya Mfalme



Wapendwa waamini, juma hili tafakari yetu ni jibu la barua. Kijana mmoja, mzaliwa wa vijiji vyetu vya Mamba, anayesoma Berlin nchini Ujerumani, alituandikia kwamba wanafunzi wenzake walimchukua kutembelea nyumba iitwayo Schwules Museum, yaani makumbusho ya historia na utamaduni wa watu wenye mapenzi ya jinsia moja. Aliingia kwa mashaka, akazunguka kwa muda wa saa mbili, akatoka na maswali mawili. La kwanza: je, Padre, kuingia humo ni dhambi? La pili aliliandika mwishoni kabisa, baada ya salamu kwa wazazi, kama mgeni anayesema neno lake akiwa amekwisha kusimama mlangoni: mbona sisi kwetu hatuna historia ya jambo hili?

Swali la kwanza tulilijibu kwa mstari mmoja, kwamba kusoma habari za wanadamu waliotutangulia si dhambi, na kwamba asikose Misa ya Dominika. Swali la pili limetuchukua majuma matatu. Maana si kweli kwamba hatuna historia hiyo. Tunayo, nayo imo katika kalenda ya Kanisa, tarehe 3 Juni, siku ambayo padre huvaa nyekundu. Na wengine wenu mmeifuata kwa basi, siku mbili njiani kwenda na siku mbili kurudi, mkiwa na vyakula vyenu mapajani. Ila hatujazoea kuitazama kwa macho aliyotazamia kijana huyu.

Tuanze na nyumba ya Berlin. Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1985, mwaka mmoja baada ya maonyesho makubwa ya kwanza ya historia hiyo kufanyika jijini humo. Lakini habari inayohifadhiwa mle ni ya zamani zaidi. Tangu mwaka 1871 sheria ya Ujerumani ilikuwa na kifungu namba 175, kilichowaadhibu wanaume waliolala pamoja. Mwaka 1919 daktari mmoja, Magnus Hirschfeld, alifungua Berlin taasisi ya uchunguzi wa mambo ya jinsia, yenye maktaba kubwa. Mei 6, 1933, wanafunzi wafuasi wa Hitler waliivamia, na siku nne baadaye vitabu vyake vikateketezwa uwanjani pamoja na vingine vingi. Mwaka 1935 kifungu kile kikakazwa. Chini ya utawala huo wanaume wapatao 50,000 walihukumiwa kwacho, na kati ya 5,000 na 15,000 walipelekwa katika kambi za mateso, wakishonewa kifuani pembetatu ya rangi ya waridi ili kila mlinzi ajue kosa lao.

Ndugu zetu, kambi ya Dachau, iliyowapokea baadhi ya wanaume hao, iliwapokea pia mapadre. Watumishi wa Mungu zaidi ya 2,500 walifungwa humo, wengi wao mapadre Wakatoliki kutoka Poland, nao wakishonewa pembetatu yao nyekundu. Mkate uliogawiwa ulikuwa mmoja. Vita vilipokwisha, padre aliyenusurika alirudi parokiani kwake akapokewa kwa kengele. Mwenye pembetatu ya waridi aliweza kurudishwa gerezani kumalizia kifungo, kwa kuwa kifungu 175 kilibaki katika sheria. Kilifutwa kabisa mwaka 1994 tu.

Sasa tuvuke bahari, kama kifungu hicho kilivyovuka. Reli inayopita upande wa pili wa milima yetu, kutoka Tanga kupitia Mombo, Buiko, Hedaru, Makanya na Same, iliposogezwa kuelekea Moshi, gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani alikuwa Albrecht von Rechenberg. Reli ilifika Buiko mwaka 1909 na Moshi mwaka 1911, na wazee wa wazee wetu walibeba udongo wake. Rechenberg alitawala tangu mwaka 1906, majivu ya Maji Maji yakiwa bado ya moto. Alikuwa Mkatoliki, mjuzi wa Kiswahili, na baadaye aliketi katika bunge la Ujerumani kwa chama cha Wakatoliki kilichoitwa Zentrum. Aliamini kwamba nchi hii itatajirika kwa jembe la mkulima Mwafrika kuliko kwa mashamba ya walowezi, na kwa sababu hiyo walowezi walimchukia kupita kiasi.

Mhariri wa gazeti lao la Dar es Salaam, Willy von Roy, akaeneza habari kwamba gavana ana uhusiano wa kimwili na watumishi wake wa nyumbani, vijana Waafrika. Mwaka 1910 shauri likafika mahakamani, na mhariri akapatikana na hatia ya kukashifu. Gavana akabaki na kiti chake kwa muda, lakini jina lake likawa limekwisha kutupwa sokoni.

Tumeisoma habari hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara tunajiuliza juu ya wale vijana. Walowezi hawakuwa na huruma nao. Wangekuwa nayo wasingewapiga viboko katika mashamba yao. Waliwahitaji kama kuni za kumchomea gavana. Mahakama nayo ililinda heshima ya gavana, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imeletwa mbele yake. Wanahistoria wakiieleza kashfa hiyo huiita kwa jina la bwana mkubwa. Wale waliofua mashuka na kupanga meza, ambao miili yao ndiyo iliyokuwa ikijadiliwa, hatujasikia mtu akiwataja kwa majina katika mazungumzo yoyote, wala kuuliza kama walikuwa na uwezo wa kukubali au kukataa lolote katika nyumba ile.

Shikeni swali hilo la mtumishi wa nyumbani, maana ndilo linalotupeleka Namugongo.

Waliokwenda hija wanaijua njia: kushuka kutoka Mamba hadi Same, kisha Moshi, Arusha, Namanga, Nairobi, Busia. Baada ya Busia basi linakatisha nchi ya Wasoga kabla ya kuvuka mto Nile pale Jinja, na wengi wenu huwa mmelala. Ni vema siku nyingine mkaamka hapo, kwa kuwa Busoga ndiko alikouawa Askofu Mwanglikana James Hannington, Oktoba 29, 1885, kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda, na bila kifo hicho hatuwezi kuelewa kilichofuata.

Mwaka huo wa 1885 unatuhusu hata sisi wa Upareni. Mwezi Februari mfalme wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi ambazo Carl Peters alidai kuwa zimetiwa saini na machifu, na katikati ya mwaka mwenzake Peters, Karl Jühlke, akapita Usambara na Upare hadi Kilimanjaro akikusanya mikataba mingine ya namna ile ile. Habari za Wazungu wanaokula nchi kutoka pwani zikafika ikulu ya Buganda. Mwanga alikuwa kijana asiyefikia miaka ishirini, amekalia kiti cha baba yake Mutesa tangu Oktoba 1884 tu. Akaambiwa kwamba Mzungu mkubwa anakuja kwa njia ya mashariki, njia ambayo wazee wake walimwonya kwamba ndiyo mlango wa watakaoimeza Buganda. Hannington, bila kujua hofu hiyo, alikuwa amechagua njia hiyo hiyo.

Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyekuwa mkubwa wa vijana wa ikulu, alimkemea Kabaka kwa kumuua mgeni bila kumpa nafasi ya kujitetea. Alikuwa pia na tabia nyingine iliyomchukiza Kabaka: aliwaficha vijana wadogo pale bwana wao alipowataka kwa ajili ya tamaa zake. Novemba 15, 1885, aliuawa. Inasimuliwa kwamba alimtumia Kabaka ujumbe kuwa amemsamehe, ila atubu.

Nafasi yake ilichukuliwa na Karoli Lwanga, naye akaendelea kuwaficha watoto.

Hapa inatupasa kueleza nani walikuwa hao vijana, maana katika mahubiri mengi wanatajwa kana kwamba walishuka kutoka mbinguni wakiwa wamekwisha kuwa watakatifu. Walikuwa watoto wa watu. Mzazi wa Buganda aliyetaka mwanawe apate cheo alimpeleka ikulu atumike: kubeba maji, kulinda milango, kukimbiza ujumbe, kusubiri kuitwa. Kutoka humo ndimo walimotoka machifu. Mtoto alikuwa amekabidhiwa kwa Kabaka kabisa, na aliyetoa uhai wake hakuhojiwa na mtu. Kukataa agizo la Kabaka, liwe la kuleta bakuli au la kitandani, lilikuwa kosa moja, nalo lilikuwa uasi.

Mei 25, 1886, Mwanga alirudi kutoka kuwinda viboko katika ziwa, hana kitu, akakuta vijana hawapo mahali pao. Mmoja wao, Mwafu, mtoto wa Katikiro mwenyewe, alikuwa akifundishwa dini na Dionisi Sebuggwawo. Kabaka akampiga Dionisi kwa mkuki, wauaji wakammaliza. Usiku ule, katika ikulu ya Munyonyo, Lwanga akawabatiza wakatekumeni waliobaki, miongoni mwao Kizito, mwenye umri wa miaka ipatayo 14. Asubuhi ya Mei 26 wakaitwa, wakaulizwa nani anasali, na waliosimama upande wa wanaosali wakafungwa kamba na kutembezwa hadi Namugongo. Juni 3, siku ya Kupaa Bwana, wakaviringishwa katika mikeka ya matete na kuchomwa. Mbaga Tuzinde alikuwa mtoto wa kulelewa wa mkuu wa wauaji, Mukajanga, aliyembembeleza hadi dakika ya mwisho aseme tu kwamba ataacha kusali, apate kumficha. Alikataa. Kwa heshima ya ubaba alipigwa kwanza kwa rungu, asiusikie moto.

Jumla ya Wakatoliki waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887 ni 22, na Waanglikana 23. Papa Benedikto XV aliwatangaza Wakatoliki hao wenye heri mwaka 1920, na Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu Oktoba 18, 1964, akiwakumbuka siku hiyo pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina lile lile la Kristo. Tunasisitiza jambo hili kwa majirani zetu Walutheri na Wasabato, ambao ni wengi huku milimani na ambao mara nyingine hudhani Namugongo ni mali yetu peke yetu.

Mahujaji wetu hukaa zaidi upande wa Wakatoliki, katika basilika ya mviringo yenye nguzo 22, iliyojengwa kwa mfano wa nyumba ya Kiganda. Lakini mwendo mfupi kutoka hapo kuna kituo cha Waanglikana, na ndani yake makumbusho ambayo Papa Fransisko aliyatembelea Novemba 28, 2015, kabla ya kwenda kuadhimisha Misa upande wetu. Humo zimewekwa sanamu za watu kwa kimo chao: vijana waliofungwa, wauaji, matete, moto. Tulipoingia humo na kikundi chetu, mama mmoja wa jumuiya ya Mtakatifu Anna alikaa chini mbele ya sanamu za vijana akakataa kuondoka. Hakuwa akisali, maana rozari ilikuwa mfukoni. Alikuwa akiwatazama nyuso. Alisema neno moja tu: hawa ni wadogo.

Kwa maoni yetu, mama huyo aliona jambo ambalo wahubiri wengi wamelikosa. Katika miaka ya karibuni habari ya Namugongo imekuwa ikisimuliwa kwa ufupi wa hatari: Mwanga alikuwa shoga, vijana walimkataa, wakafa, kwa hiyo kuwachukia watu wa namna hiyo ndiyo ibada inayowapendeza mashahidi. Hata neno lenyewe limebebeshwa mzigo usio wake, maana kwa wanawake wa pwani shoga ni rafiki wa karibu, na hadi leo huitana hivyo barazani bila aibu.

Ufupi huo unaacha nje karibu kila kitu. Unaacha Busoga na hofu ya mikataba ya Wajerumani. Unawaacha Waislamu wapatao 70 waliouawa chini ya Mutesa, baba yake Mwanga, yapata mwaka 1876, kwa kuikataa nyama iliyochinjwa kinyume cha dini yao. Nao walikuwa watumishi wa ikulu, nao waliambiwa kwamba Mungu hawezi kuwa juu ya Kabaka. Unawaacha mashahidi watu wazima wasiokuwa vijana wa ikulu, kama Matia Mulumba, hakimu na mtu mwenye mke na watoto, aliyekatwa viungo akaachwa afe polepole. Hao wote hawakuuawa kwa kukataa kitanda cha mtu.

Na zaidi ya yote unamwacha mtoto. Tamaa ya Mwanga kwa vijana wake ni kweli ya historia. Vijana watatu walioachwa hai dakika za mwisho pale Namugongo, Kamyuka, Werabe na Sebuta, walibaki kuyashuhudia yaliyotokea, na Kanisa liliandika maneno ya mashahidi wa namna hiyo kwa uangalifu. Lakini angalieni nani alikuwa na mkuki. Mwenye kutamani ndiye aliyekuwa na ikulu, wauaji na moto. Mwenye kukataa hakuwa na kitu ila kinywa chake. Kama Kabaka angewataka wasichana wa ikulu kwa amri ile ile, na Lwanga akawaficha, tendo la Lwanga lingekuwa takatifu vile vile. Anayetumia majivu ya watoto hao kuwashia moto mwingine, chini ya mtu asiye na ikulu wala mkuki, amejipanga upande wa Mukajanga pasipo kujua.

Mei 26, siku ile ile waliyohukumiwa vijana wa Munyonyo, mwaka 2023, rais wa Uganda alitia saini sheria inayotoa kifungo cha maisha kwa tendo la jinsia moja, na adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Kwetu Tanzania sheria ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30, na wengi mnakumbuka jinsi mwaka 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam alivyotangaza kuwasaka watu hao mtaa kwa mtaa, hadi serikali ikaeleza kwamba hayo yalikuwa maoni yake mwenyewe.

Mafundisho ya Kanisa letu katika jambo hili yana pande mbili, na waamini hupenda kuukariri mmoja. Katekisimu, aya ya 2357, inafundisha kwamba matendo hayo hayawezi kukubaliwa, na hatuko hapa kuifuta. Aya inayofuata, 2358, inaagiza kwamba watu hao wapokewe kwa heshima na huruma, na kwamba wasibaguliwe isivyo haki. Desemba 2008, mbele ya Umoja wa Mataifa, mwakilishi wa Kiti Kitakatifu alizihimiza nchi ziondoe adhabu za jinai dhidi yao. Januari 2023 Papa Fransisko, ambaye Mungu alimwita kwake Aprili 2025, alilisema tena mbele ya waandishi wa habari, akitenganisha dhambi na jinai. Tunajua kuna maparoko wasiotaka kuyasoma haya mimbarini kwa kuogopa minong'ono. Sisi tuliyasoma Dominika iliyopita, na minong'ono ilikuwapo, na bado tunaishi.

Tunarudi kwa yule mama na maneno yake. Huku Mamba watoto wetu wanashuka mlima. Akimaliza darasa la saba bila kuchaguliwa, anakuja mtu aliyevaa vizuri, mara nyingi ndugu wa mbali, anasema kuna nyumba Arusha au Dar es Salaam inataka hausigeli, au kijana wa kukata majani na kulinda geti. Mzazi ameuza tangawizi kwa bei isiyolipa mbolea; anaona hii ndiyo njia ya mtoto kupata mwanga. Anamkabidhi. Ndivyo walivyofanya wazazi wa Kizito. Na tunaposikiliza maungamo na mashauri, bila kufichua la mtu yeyote, tunaweza kusema kwamba katika baadhi ya nyumba hizo kuna Kabaka. Mara nyingi humwita msichana, mara nyingine humwita mvulana. Mtoto akirudi nyumbani kabla ya wakati wake, bila mshahara na bila maneno, swali la kwanza la ukoo huwa ni kwa nini ameacha kazi.

Kwa mvulana huwa vibaya zaidi. Msichana akisema, angalau mama yake hulia naye. Mvulana akisema, ataulizwa yeye ni nani hata afanyiwe hivyo, na lile neno la barazani litabandikwa juu yake, aliyetendewa, wala si juu ya mwenye nyumba. Hivyo hunyamaza. Ukimya huo ni sehemu ya historia aliyoitafuta kijana wetu wa Berlin, ingawa hakuna nyumba iliyojengwa kwa ajili yake.

Tumewaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo waandike jina la kila mtoto aliyekwenda kufanya kazi za ndani, jina la nyumba alikokwenda, na siku aliyopigiwa simu mara ya mwisho. Vigango vitatu vimekwisha kuleta daftari. Katika kimoja majina ni 31, na kwa 9 kati ya hayo nafasi ya simu iko wazi.

Liko jambo la mwisho, ambalo mahujaji wetu hawaambiwi mara nyingi, nalo limetokea katika ardhi ya Tanzania. Mwaka 1888, miaka miwili tu baada ya moto wa Namugongo, Mwanga alipinduliwa. Alikimbia kwa mtumbwi kuelekea kusini ya ziwa, akafikia kwanza kwa wafanyabiashara Waarabu huko Magu, ambao walimnyang'anya na kumdhalilisha. Akatoroka. Mahali pekee palipobaki pa kubisha hodi palikuwa Bukumbi, karibu na Mwanza, katika misheni ya White Fathers. Na waliokuwa humo, wakiwa nao wamefukuzwa Buganda na watawala wapya, walikuwa Askofu Leon Livinhac na Padre Simeon Lourdel, yule ambaye Waganda walimwita Mapera, aliyewafundisha katekisimu wengi wa vijana waliochomwa. Lourdel alikuwa amefika Buganda tangu Februari 1879. Aliwajua watoto hao kwa majina na kwa sauti.

Walimfungulia. Walimpa mahali pa kulala na chakula, na Mwanga akakaa kwao miezi kadhaa, akijifunza sala, kabla ya kurudi kukipigania kiti chake na kukipata tena. Kuna waliosema kwamba mapadre walikuwa na hesabu za kisiasa, wakitaka Kabaka atakayewapendelea kuliko Waanglikana. Na hesabu hizo hazikukosekana, maana Kanisa la siku zile lilijua kuhesabu. Lakini usiku wa kwanza mtu huyo alipoingia uani, amechoka na hana kitu, hesabu hiyo haikuwa na thamani yoyote. Alikuwa mkimbizi asiye na askari hata mmoja, na mwenye kumfungulia mlango alikuwa na kila sababu ya kuufunga.

Lourdel alikufa mwaka 1890. Mwanga aliwaasi Waingereza mwaka 1897, akakamatwa mwaka 1899 pamoja na Kabalega wa Bunyoro, na wote wawili wakapelekwa visiwa vya Shelisheli. Huko alibatizwa na Waanglikana kwa jina la Danieli, na huko akafa Mei 1903, akiwa na umri wa miaka kama 35. Mwaka 1910 mwili wake ulirudishwa, ukazikwa Kasubi kando ya baba yake, chini ya paa moja la nyasi. Nyumba hiyo iliteketea kwa moto usiku wa Machi 16, 2010, na ikachukua zaidi ya miaka kumi kuezekwa upya. Iko Kampala, upande wa pili wa jiji kutoka Namugongo. Kwa hija ijayo tumemwomba dereva apitie huko pia.